Mwendo Halisi wa Kidonge

Nyumbani kwa Baba,
Ghorofa ya pili, juu ya duka la viatu.
Jumapili, 9 Machi.

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya, wewe na wifi na watoto, na kwamba mgongo wako umepoa. Usiniambie tena kuwa ni baridi tu. Fundi wa lifti wa umri wako angekuwa anabaki juu, ameshika tochi na kutoa amri, huku wengine wakiinama shimoni. Wifi amekushtaki kwangu kwamba dawa ya kuchua iko kabatini na haijafunguliwa. Nakuomba uifungue, hata kwa heshima yangu.

Sisi huku hatujambo. Shule bado haijanimaliza, ingawa darasa langu la mwaka huu linajitahidi. Shemeji yako ameamua kunyoa kichwa chote kabla nywele hazijamkimbia zenyewe, na sasa anajipitisha mbele ya kioo kama bwana harusi. Mpwa wako Chiriku amenizidi urefu. Jina tulilompa kwa utani akiwa mchanga limemkaa kweli, maana anaanza kuongea kabla hajafumbua macho. Anakuulizia kila mara. Mjomba atakuja lini, mjomba anaweza kupanda lifti bure, mjomba kwa nini hachezi piano na Babu alimfundisha. Maswali mawili ya kwanza namjibu.

Utashangaa kwa nini nimekaa chini kuandika barua na simu ninayo mkononi. Nimeandika kwa sababu kwenye simu, kila nikimtaja Baba, unaniambia kuna lifti imekwama na umeitwa haraka. Lifti za mji huo zinakwama sana, kaka. Barua itakusubiri mpaka uitoe hiyo lifti.

Sasa nianze na masikio ya Baba. Yanaondoka. Tulikuwa tunadhani ni ule ubishi wake wa kawaida, wa kutosikia asichotaka. Lakini mwezi uliopita alimgombeza mwanafunzi mmoja, binti mpole sana, kwamba ameacha kipande kabla ya mwisho. Binti akasema amekimaliza. Baba akasema hajakimaliza. Binti akarudia, akabonyeza zile noti za mwisho za juu kabisa mbele ya macho yake, huku machozi yanamtoka, na Baba akabaki anamwangalia vidole. Alimpa ruhusa aende nyumbani, akafunga mlango wa chumba cha piano, na mimi nilipokuja kumletea chai alikuwa bado amekaa kwenye kiti cha mwanafunzi.

Nilimpeleka kwa daktari wa masikio. Akamfungia kwenye kachumba kadogo, akamvisha vile vidude vya masikioni, akamwambia anyanyue mkono kila akisikia mlio. Mimi nilikuwa nje ya kioo. Kaka, nilimwona baba yetu amekaa na mikono magotini, anasubiri, na mashine inalia. Daktari alisema kusikia kwake kunapotea kuanzia juu kwenda chini. Noti za juu za piano zimeshamtoka, za katikati zinafifia, na zile nene za mkono wa kushoto ndizo zitakazokuwa za mwisho kuondoka. Kifaa cha kuvaa sikioni kinamsaidia kwenye mazungumzo, lakini kwenye piano anasema kinamletea mlio wa sufuria zinazoanguka, basi anakivua. Nilimuuliza daktari tuna muda gani. Akasema yeye angekuwa mimi asingengoja.

Hiyo ni habari moja. Nyingine imetokana na hiyo, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Unamkumbuka Trafiki. Najua unamkumbuka, kwa sababu jina hilo ulimpa wewe. Ile metronomu ya mbao ya Baba, iliyosimama juu ya piano na kutikisa mkono wake kulia na kushoto, tak, tak, tak, kuhakikisha hakuna mtoto anayevuka mwendo uliowekwa. Bado yupo palepale. Lakini Baba alianza kulalamika kwamba Trafiki amenyamaza, kumbe ni yeye asiyemsikia. Basi Chiriku akamwekea kwenye simu metronomu ya siku hizi, yenye taa inayowaka kila pigo, ili aone badala ya kusikia.

Baba akaweka nambari ileile aliyozoea, akacheza kidogo, akaisukuma simu pembeni. Akasema mbovu, inakimbia. Chiriku akamtafutia nyingine. Nayo ikakimbia. Shemeji yako akatoa simu yake, ikakimbia vilevile, na Baba akasema hizi simu zote zimetengenezwa na watu wenye haraka. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, tulikuwa sote sebuleni na tunacheka. Nakwambia tulicheka sana.

Kisha akafanya jambo ambalo ni yeye tu angelifanya. Akamchukua Trafiki, akamweka mezani chini ya saa ya ukutani, akausogeza uzito wake mpaka kwenye sitini, ambapo kila pigo linatakiwa kuwa sekunde moja kamili. Alitaka kutuonyesha nani mkweli. Akavuta kiti, akakaa, akakodolea macho. Mshale wa sekunde ukatembea na Trafiki akatikisa mkono. Mwanzo walikwenda pamoja. Baadaye Trafiki akabaki nyuma kidogo, kisha nyuma zaidi, na mshale ulipomaliza mzunguko yeye alikuwa bado njiani. Baba akamfunga spring upya, akarudia. Hakuna aliyekuwa anacheka tena. Aliporudia mara nyingine alinyanyua mkono, akamshika Trafiki katikati ya pigo, akamsimamisha.

Tatizo ni ile nati. Wewe ulikuwa mdogo na mimi sijazaliwa tulipohamia nyumba hii, lakini hadithi tunaijua sote, maana Baba aliisimulia kwa kifua mbele miaka yote. Wakati wa kuhama, kale kauzito ka shaba kanakopanda na kushuka kwenye mkono wa Trafiki kalipotea, na Baba akatumia nati ya kitanda, akaifunga kwa uzi ishike mahali pake. Trafiki akapiga, Baba akafurahi, kazi ikaendelea. Ile nati ilikuwa nzito kuliko kauzito kenyewe, na uzito ukizidi, mkono unayumba polepole. Wanafunzi wote waliopita kwenye kile chumba, kaka, wamefundishwa na nati ya kitanda. Ndiyo maana watu walikuwa wanasema wanafunzi wa Mwalimu hucheza kwa adabu. Kumbe walikuwa wamefungwa breki.

Hapo ndipo Baba alipotamka jina la Kidonge.

Sijui kama wewe na wifi mmewahi kuzungumza habari za Kidonge. Kwa hiyo kama anaisoma barua hii pamoja nawe, na najua anaisoma, nimweleze. Wifi, Kidonge ni kipande kifupi cha piano, cha ukurasa mmoja tu, kilichokuja na piano yenyewe kutoka kwa mtu aliyetuuzia. Kiko katika ufunguo wa maina, wenye sauti ya huzuni, ule ambao sisi watoto tuliuita ufunguo wa msibani. Tulikiita Kidonge kwa sababu kilikuwa kidogo na kichungu, na kila mwanafunzi wa Baba alilazimika kukimeza. Karatasi yake ilikuwa imechanika juu, pale wanapoandika neno la kueleza kipande kichezwe kwa moyo gani. Ilibaki sehemu ya karatasi yenye nambari ya mwendo, na nambari hiyo Baba akaiweka kwa Trafiki. Trafiki akasema polepole. Ukijumlisha polepole na ufunguo ule, unapata kilio. Basi Baba akakifundisha kama kilio.

Wewe peke yako ndiye uliyekataa. Hata ulipokuwa mtoto ulisema mkono wa kushoto unakuvuta, unataka kwenda. Mezani ulisema, "Baba, huyu mtu hajafiwa, amechelewa gari," na Mama akacheka mpaka akapaliwa. Mama hakujua kusoma noti hata moja, lakini alikuwa akiimba Kidonge jikoni akiosha vyombo, na alikiimba kwa mwendo wako. Baba alikuwa akimwambia kutoka sebuleni, "Mama watoto, unakimbia." Mama naye anamjibu, "Sahani ni nyingi."

Siku ya onyesho la wanafunzi sitaieleza kwa urefu, kwa sababu ulikuwepo. Ila nataka ujue kwamba nami naikumbuka. Nilikuwa mstari wa mbele karibu na Mama. Ukumbi umejaa wazazi, wewe umevaa lile koti la kuazima. Ukaanza Kidonge kwa mwendo wako na watu wakainua vichwa. Hata mimi, mtoto wa kunyonya kidole, nilihisi kwamba kipande kimeamka. Kisha Baba akasimama. Akapanda jukwaani, akakushika mkono usiendelee, akamweka Trafiki juu ya piano mbele ya watu wote, akasema kwa sauti ya darasani, "Anza tena. Kama kilivyoandikwa." Ukafunika piano taratibu, hukubamiza kifuniko, ukashuka ngazi, ukatoka. Tangu siku ile hujawahi kugusa hata kibao kimoja, na Baba hajawahi kukuomba. Ulipokuja kumzika Mama mlisalimiana kama majirani.

Na kwenye mazishi yale Baba alikicheza Kidonge, unakumbuka. Polepole sana.

Baada ya ile habari ya saa, Chiriku aliingia kwenye mtandao akatafuta, kwa noti zake za mwanzo, karatasi nzima ya Kidonge, isiyochanika. Aliipata kirahisi mno, mpaka nikasikia uchungu, kwa sababu siku zote hizo ilikuwa hapo kwa yeyote ambaye angetaka kutazama. Juu kabisa kuna neno la Kitaliano ambalo Baba anamfundisha kila mwanafunzi katika wiki ya kwanza. Maana yake ni mchangamfu kiasi. Ufunguo ni uleule wa huzuni, nambari ni ileile, na juu yake wameandika mchangamfu kiasi. Baba alilisoma, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akalisoma tena. Kisha akasema, "Si kilio. Ni mtu anaaga, na anatembea upesi ili wasimwone machozi." Halafu akasema, "Nimemzika mama yenu kwa mwendo usio wake."

Kaka, sijawahi kumwona mtu mzima akijuta namna hii. Amewatembelea wanafunzi wake wa zamani mmoja mmoja kuwaeleza habari ya nati. Alikwenda kwa fundi cherehani wa hapo chini, ambaye aliacha piano kabla hajaota ndevu, akamwambia, "Nilikufundisha vibaya." Fundi cherehani akafikiri mzee anazungumzia suruali. Alikwenda kwa mama mwenye duka la dawa, yeye akamwambia, "Mwalimu, mimi nilikuja kwako kwa sababu mkeo alikuwa anatoa maandazi." Tungecheka, lakini anaporudi nyumbani anakuwa amechoka kama aliyebeba mizigo, na tunajua kwamba wote hao anawazunguka tu, maana anayemtafuta yuko mbali.

Alijaribu kukuandikia mwenyewe. Nilimkuta mezani, anaandika na kufuta. Alikuwa ameeleza vizuri sana jinsi metronomu inavyofanya kazi, spring inakaa wapi, uzito unabadilisha nini, na mchoro ameuchora. Nikamwambia, "Baba, hii ni somo. Msamaha uko wapi?" Akasema, "Akielewa uzito, ataelewa." Nikamwambia wewe ulielewa tangu zamani, ni yeye ndiye aliyekuwa nyuma. Akanitazama hivi, nikadhani nimevuka mpaka. Akanikabidhi kalamu. "Basi mwandikie wewe," akasema. "Mwambie alikuwa sahihi. Mwambie nilimwaibisha mbele za watu, na makosa yalikuwa yangu." Nimeyaandika kama alivyoyatamka, sijatia chumvi wala kupunguza.

Nami nina langu la kusema, na nitalisema kwa sababu nimekuwa mjumbe wenu tangu nijue kuandika. Inaniuma. Inaniuma kwamba nyumba nzima ilinyamaza kwa ajili ya nati ya kitanda. Inaniuma kwamba Mama alikuwa anaimba ukweli wote jikoni na hakuna aliyetoka sebuleni kumsikiliza. Inaniuma zaidi kwamba Baba amepata masikio ya kukusikia wakati anapoteza masikio ya kusikilizia. Sikulaumu kwa kuondoka. Ningekuwa wewe, labda nisingekuwa hata naandika hizo "Sawa" unazonijibu kwenye simu kila nikikuletea salamu zake.

Lakini ninakuomba uje. Nilifikiri utarekodi tu Kidonge kwenye simu ututumie, yaishe. Tumejaribu na vipande vingine. Simu haimfai, sauti yake yote iko juu, na juu ndiko kulikokwisha. Anachosikia bado ni piano yenyewe, akiwa chumbani, amesimama karibu na kuweka kiganja kwenye ubao wa ubavuni. Daktari hawezi kuahidi kwamba hata hicho kitakuwepo mwakani. Kwa hiyo haitoshi ukisema tutaona. Tafadhali usiseme tutaona.

Najua vidole vyako vimekuwa vya spana. Najua utasema umesahau. Kipande ni ukurasa mmoja, na mtu aliyefundishwa na Baba hata akitaka hawezi kusahau. Ukikosea, hakuna wa kukusimamisha. Trafiki ametolewa juu ya piano, na hapo alipokuwa hakujawekwa kitu. Na kama huwezi kumsamehe, njoo hivyohivyo bila kusamehe, ucheze, uondoke. Sitakuuliza lolote mlangoni.

Chumba chako kipo. Chiriku amehamishia humo nguo zake nusu, lakini nimemwambia akae tayari kufurushwa.

Nisalimie wifi, mwambie nimempenda kwa ile picha ya watoto wakiwa wamejipaka unga usoni. Nisalimie hao wapakaji unga wenyewe, kila mmoja kwa jina lake. Shemeji yako anakusalimu na kusema ukija ulete ile mashine ya kunyolea, ya hapa inamkata. Chiriku anamwamkia mjomba wake, naye ameniomba nisiandike kwamba anajifunza Kidonge kwa siri, kwa hiyo sijaandika. Fundi cherehani anakusalimu pia, bado hajaelewa suruali ipi.

Na Baba anakusalimu. Kila asubuhi anaweka ile taa ya simu kwenye nambari yake na kujifunza Kidonge upya, kwa mwendo wako. Vidole vyake vimekakamaa na havifiki, vinajikwaa, anarudia. Nilimuuliza kwa nini anajitesa, na hata mwisho wake hausikii. Akasema hajifunzi ili acheze yeye. Anataka mwendo umkae mikononi, ili siku utakapocheza wewe, ukifika pale juu asipokusikia tena, ajue bado uko wapi.

Mungu akutunze na nyumba yako yote, aifungue njia ya kuja huku.

Wako akupendaye, tena bila kuombwa,

Mdogo wako.